"Haijachapishwa": Historia ya Nakala za Tasnifu za Kiswahili na Safari ya Kuelekea Ufikiaji Huria

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya nakala za tasnifu za uzamili na uzamivu zinazohusu lugha na fasihi ya Kiswahili, tangu enzi ya taipureta na karatasi ya kaboni hadi enzi ya hifadhi za kidijitali. Hoja yake ya msingi ni kwamba neno "haijachapishwa", linaloandamana na tasnifu katika orodha zetu za marejeleo, halielezi hali ya mswada pekee. Linaficha pia swali la mahali nakala ilipo na la mtu anayeweza kuifikia. Kwa miongo kadhaa, mfumo wa kusambaza nakala uliifanya tasnifu iliyoandikwa ng'ambo kuhusu Kiswahili ipatikane kwa urahisi kuliko ile iliyoandikwa Afrika Mashariki. Uwekaji wa tasnifu katika mfumo wa kidijitali unatoa nafasi ya kurekebisha hali hiyo. Hata hivyo, makala inaonesha kwamba kuskani kurasa hakutoshi endapo lugha ya katalogi, haki za watoa taarifa na wingi wa nakala havitazingatiwa.

1.0 Utangulizi

Msomaji yeyote wa taaluma za Kiswahili ameizoea ibara fupi inayofunga ingizo la tasnifu katika orodha ya marejeleo: "Tasnifu ya Uzamili (Haijachapishwa)". Ibara hiyo ina kazi mbili. Kwanza, inamtahadharisha msomaji kwamba kazi inayorejelewa haikupitia mikono ya mhariri wala mchapishaji. Pili, bila kutamka, inamweleza kwamba akitaka kuisoma itambidi aifuate iliko. Kazi ya kwanza inahusu hadhi ya maandishi; ya pili inahusu jiografia. Mijadala yetu kuhusu ubora wa utafiti imeishughulikia zaidi ile ya kwanza. Makala hii inaishughulikia ya pili.

Suala hili si dogo kwa taaluma za Kiswahili. Kitabu cha uhakiki au cha isimu huchapishwa pale mchapishaji anapoona soko, na soko la vitabu vya kitaaluma katika Kiswahili limekuwa finyu siku zote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maarifa yaliyozalishwa na idara zetu tangu miaka ya 1970 haimo katika vitabu. Imo katika tasnifu. Humo ndimo zilimo tafiti za lahaja ambazo wasemaji wake wamepungua, nyimbo zilizorekodiwa kutoka kwa waimbaji ambao sasa ni marehemu, na uhakiki wa kwanza wa riwaya ambazo leo zinafundishwa shuleni. Nakala ya tasnifu isipopatikana, maarifa hayo hayapotei kwa kishindo. Hubaki rafuni, na mtafiti mwingine huanza upya kazi iliyokwisha fanywa.

Makala imepangwa kwa mfuatano wa kihistoria. Inaanza na nakala ya kaboni, inaendelea na mikrofilamu na hifadhi za kidijitali, kisha inajadili mambo matatu ambayo historia hiyo inatudai tuyatafakari: lugha, haki na usalama wa nakala.

2.0 Enzi ya Nakala ya Kaboni

Elimu ya juu katika Afrika Mashariki ilianza chini ya kivuli cha London. Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, nacho kilitoa shahada za London. Mwaka 1963 kiliundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na tarehe 1 Julai 1970 muungano huo ulivunjwa na kuzaa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa. Mabadiliko hayo yaliathiri moja kwa moja tasnifu. Katika muda usiozidi miaka kumi, mtahiniwa wa Dar es Salaam aliweza kutahiniwa kwa jina la London, la Afrika Mashariki au la Dar es Salaam. Anayezitafuta kazi za kipindi hicho hana budi kujua kwanza chuo kipi kilikuwa na mamlaka ya kutoa shahada katika mwaka husika.

Kwa upande wa Kiswahili, misingi miwili iliwekwa katika kipindi hichohicho. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyorithi kazi za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, iliwekwa chini ya chuo cha Dar es Salaam mwaka 1964. Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970. Mwaka 2009 taasisi na idara hiyo ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Tangu idara ianzishwe, Kiswahili kilikuwa somo la kufundishwa na pia lugha ya kufundishia, na polepole kikawa lugha ya kuandikia tasnifu.

Tasnifu ya miaka hiyo ilizaliwa kwa mashine ya kupigia chapa. Mpigachapa aliweka karatasi nyeupe na karatasi za kaboni kwa kupishana, na kila pigo la herufi lilipenya hadi nakala ya chini kabisa, likififia kadiri lilivyoshuka. Nakala ya juu ilisomeka vizuri, ya mwisho ilikuwa kivuli. Herufi za fonetiki na alama za toni ambazo taipureta haikuwa nazo ziliongezwa kwa kalamu, na vivyo hivyo maandishi ya Kiarabu pale mtafiti alipolazimika kunukuu mswada wa utenzi. Kosa lililosahihishwa katika nakala ya juu halikusahihishwa kila mara katika nakala za chini. Kwa maana hiyo, hata nakala za tasnifu moja hazikulingana kabisa.

Nakala hizo chache ziligawanywa kwa maktaba ya chuo, idara, msimamizi na mwandishi mwenyewe. Sheria za kuwasilisha nakala za vitabu katika maktaba zililenga machapisho, na tasnifu haikuhesabiwa kuwa chapisho. Hapa ndipo neno "haijachapishwa" lilipopata uzito wa kimahali. Tasnifu ilikuwa na makao mamoja ya umma, na makao hayo yalikuwa na masharti yake: kusomea humo humo, kutoazima, na kunakili kwa kiasi kidogo tu.

3.0 Mikrofilamu na Njia ya Ann Arbor

Wakati Afrika Mashariki haijawa bado na chuo kikuu, Marekani ilikuwa imekwisha kubuni njia ya kusambaza tasnifu bila kuzichapisha. Mwaka 1938 Eugene Power alianzisha kampuni ya University Microfilms mjini Ann Arbor, jimbo la Michigan. Tasnifu ilipigwa picha katika mikrofilamu, ikisiri yake ikachapishwa katika jarida la orodha, na yeyote aliyeihitaji aliagiza nakala kwa malipo. Jarida hilo lilianza kwa jina la Microfilm Abstracts, likawa Dissertation Abstracts mwaka 1952, na mwaka 1969 likaongezewa neno International. Vyuo vikuu vingi vya Marekani viliwataka wahitimu wao wa uzamivu wawasilishe kazi zao huko.

Athari ya utaratibu huo kwa taaluma za Kiswahili inaonekana vizuri katika kazi za msomi mmoja. Euphrase Kezilahabi aliwasilisha tasnifu mbili. Ya kwanza, ya uzamili, aliiwasilisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976 kwa anwani ya "Shaaban Robert: Mwandishi wa Riwaya". Ya pili, ya uzamivu, aliiwasilisha kwa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison mwaka 1985, na ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Wala hii ya pili haikutoka kama kitabu, lakini imerejelewa mara nyingi sana na wahakiki wa riwaya na ushairi wa Kiswahili barani Ulaya, Marekani na Afrika. Imekuwa moja ya matini za msingi za kumwelewa mwandishi wa Nagona na Mzingile.

Tofauti ya umaarufu wa kazi hizo mbili ina sababu zaidi ya moja. Upeo wa uzamivu si wa uzamili, na Kiingereza kina wasomaji wengi zaidi katika akademia ya kimataifa. Lakini sababu ya nakala haipaswi kupuuzwa. Zote mbili "hazijachapishwa", ila kutochapishwa kwa moja hakukufanana na kutochapishwa kwa nyingine. Tasnifu ya chuo kikuu cha Marekani iliorodheshwa, ikapewa namba ya kuagizia, na mtafiti wa Leipzig au Tokyo aliweza kuipata kwa posta. Tasnifu ya Dar es Salaam iliifikiwa na aliyefika Dar es Salaam. Mwanafunzi aliyekuwa Mwanza au Eldoret alikuwa na safari ndefu kuifikia kazi inayomhusu Shaaban Robert kuliko mwenzake wa Chicago alivyokuwa nayo kuifikia kazi ya Wisconsin.

Mifano mingine inathibitisha ramani hiyo. Tasnifu ya David Massamba kuhusu toni na lafudhi katika Ciruri iliwasilishwa Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1982. Ya Hermas Mwansoko kuhusu istilahi za isimu na fasihi katika Kiswahili iliwasilishwa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, mwaka 1990. Kwa upande mwingine, tasnifu ya Mugyabuso Mulokozi kuhusu tendi za nanga za Wahaya iliwasilishwa Dar es Salaam mwaka 1986. Wote watatu walikuwa walimu wa chuo kilekile, na kazi zao zilijenga taaluma ileile. Hata hivyo nakala za kazi hizo ziliingia katika mifumo mitatu tofauti ya kuhifadhi na kusambaza. Mfumo wa Dar es Salaam haukuwa na chombo cha kuitangaza kazi nje ya kuta za maktaba.

4.0 Kutoka Orodha hadi Hifadhi za Kidijitali

Wazo la tasnifu ya kielektroniki lilijadiliwa katika mkutano uliofanyika Ann Arbor mwaka 1987. Miaka kumi baadaye, Januari 1997, Chuo Kikuu cha Virginia Tech kilianza kuwataka wahitimu wake wote wawasilishe tasnifu kwa njia hiyo. Mwanzoni mwa karne hii zana nazo zilipatikana bila malipo: EPrints ilitoka Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2000, na DSpace, iliyotengenezwa na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, ilitolewa mwaka 2002. Mwaka huohuo Tamko la Budapest lilitoa maana ya ufikiaji huria kama inavyoeleweka leo: maandishi ya kitaaluma kusomwa, kupakuliwa na kunakiliwa na yeyote bila kizuizi cha fedha, huku mwandishi akibaki na haki ya kutajwa na kulindiwa ukamilifu wa kazi yake.

Afrika haikusubiri kuletewa wazo hilo. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Afrika, yenye makao Accra, iliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi kama DATAD, wa kujenga kanzidata ya tasnifu za vyuo vikuu vya Afrika. Mradi huo ulikusanya hasa anwani na ikisiri. Kwa hali ya mawasiliano ya wakati huo, uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Vyuo vya Afrika Mashariki vilitegemea intaneti ya setilaiti, iliyokuwa ghali na ya polepole, na faili lenye kurasa mia tatu zilizoskaniwa lisingepakuliwa kwa urahisi. Mambo yalibadilika mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipofika pwani yetu, zikafuatwa na EASSy mwaka 2010. Tangu hapo kizuizi kikuu kimekuwa uamuzi na kazi ya mikono zaidi ya waya.

Leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta na Makerere, kwa kuvitaja vichache, vina hifadhi za kidijitali. Mchango wa Chuo Kikuu Huria unastahili kutajwa kipekee, kwa kuwa wanafunzi wake wametawanyika nchi nzima na tasnifu zake nyingi za uzamili katika Kiswahili zinasomeka zikiwa kamili. Mtafiti wa methali, majina ya watu au nyimbo za harusi aliye mbali na jiji anaweza sasa kusoma kazi ya mwenzake bila kupanda basi.

Hata hivyo ni rahisi kuingiza katika hifadhi tasnifu ambayo mwandishi wake ameileta ikiwa faili la kompyuta. Ni vigumu zaidi kuingiza ile ya mwaka 1978 iliyojalidiwa kwa kitambaa, ambayo lazima ifunguliwe, iskaniwe ukurasa kwa ukurasa, isomwe upya na iorodheshwe. Kwa sababu hiyo hifadhi huanza na kazi za karibuni na kurudi nyuma kadiri fedha na watu wanavyopatikana. Hatari yake kwa taaluma yetu iko wazi. Wanafunzi huzoea kuamini kwamba kisichoonekana mtandaoni hakikuandikwa, na kizazi cha kwanza cha tasnifu za Kiswahili kinaweza kutoweka katika mapitio ya maandiko ilhali bado kipo rafuni. Neno "haijachapishwa" linapata hapo maana ya tatu: haionekani.

5.0 Lugha ya Katalogi

Kuwapo kwa faili katika seva hakumaanishi kwamba litapatikana. Msomaji haitafuti tasnifu kwa macho. Anaitafuta kwa maneno, na maneno hayo hulinganishwa na data elezi, yaani maelezo ya mwandishi, anwani, mada, mwaka na lugha yanayoambatanishwa na kila faili. Utaratibu unaotumika zaidi, Dublin Core, uliasisiwa mwaka 1995 katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio. Kimsingi hauegemei lugha yoyote, lakini zana zinazoutumia zina mazoea yake. Katika DSpace, kwa mfano, lugha ya data elezi iliyowekwa tangu mwanzo ni Kiingereza cha Marekani. Mkutubi asipobadilisha mpangilio huo, ikisiri ya Kiswahili huingia kwenye mfumo ikiwa na alama ya Kiingereza, na injini za utafutaji huisoma hivyo.

Lugha yenyewe ina mahitaji yake. Mfumo wa viwango wa kimataifa unaipa Kiswahili msimbo wa "swa" kwa ujumla wake, "swh" kwa Kiswahili cha pwani na "swc" kwa Kiswahili cha Kongo. Msimbo wa herufi mbili ni "sw". Hifadhi moja ikitumia "sw", nyingine "swa" na ya tatu ikaandika "Kiswahili", mtafiti anayechuja kwa lugha atapata sehemu tu ya kinachohitajika. Mofolojia nayo inadai uangalifu. Anayetafuta "shairi" hatapata "mashairi" wala "ushairi" katika mfumo unaolinganisha herufi za mwanzo pekee, kwa kuwa Kiswahili hubadilisha neno kwa viambishi vya mbele. Anayetafuta "utenzi" atakosa kazi zilizotumia "utendi", ambalo ndilo umbo la lahaja za kaskazini. Hata ritifaa ya "ng'" ni mtego: ikiandikwa kwa alama iliyopinda mahali pamoja na iliyonyooka mahali pengine, mashine huona maneno mawili.

Majina ya watu yana tatizo linalofanana na hilo. Desturi ya kutanguliza jina la mwisho inamgeuza Muyaka bin Haji kuwa "Haji, Muyaka" na kumtafuta Mwana Kupona kwa jina la baba yake, Msham. Wakutubi wa zamani waliokuwa wakiandika kadi za katalogi waliweka kadi za kuelekezana ili msomaji afike alikokusudia. Hifadhi za kidijitali zinaweza kufanya hivyo kwa wepesi zaidi, lakini lazima mtu anayeijua fasihi ya Kiswahili akae na mkutubi na kuandaa orodha ya majina na istilahi. Hiyo ni kazi ya wanaisimu na wahakiki, wala si ya mafundi wa kompyuta.

Suala la programu za kutambua maandishi lina sura hiyohiyo. Tesseract, programu huria inayotumiwa sana, ina data ya Kiswahili. Ikielekezwa kutumia data ya Kiingereza, huyasahihisha maneno yetu kwa kuyavuta kuelekea Kiingereza. Nakala ya kaboni iliyofifia, alama za toni zilizoandikwa kwa kalamu na mistari ya Kiarabu huongeza makosa. Matini ikitambuliwa vibaya, picha ya ukurasa itaonekana safi lakini maneno yake hayatatafutika. Kwa mtazamo wa msomaji, hiyo ni rafu nyingine iliyofungwa.

6.0 Sauti Zilizomo katika Viambatisho

Hoja za ufikiaji huria kwa kawaida huongelea mwandishi na msomaji. Katika taaluma za Kiswahili yupo mtu wa tatu. Tasnifu za fasihi simulizi na za lahaja zina viambatisho vyenye ngano, nyimbo, vitendawili na mahojiano, na mara nyingi huandikwa jina la msimulizi, umri wake na kijiji chake. Msimulizi aliyezungumza mwaka 1980 mbele ya kinasa sauti cha kaseti alikubali kuhojiwa na mwanafunzi aliyeketi naye mkekani. Hakukubali, na asingeweza kukubali, kusomwa na dunia nzima kwa kubofya kitufe, kwa kuwa jambo hilo halikuwapo.

Sheria zimeanza kulitambua suala hili kutoka pande mbalimbali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria mahususi ya kulinda maarifa ya jadi na tanzu za kitamaduni. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zilifuata, ya Kenya mwaka 2019 na ya Tanzania mwaka 2022. Kwa upande wa mwandishi, hakimiliki hudumu katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo, isipokuwa pale mkataba wake na chuo unaposema vingine. Ina maana kwamba tasnifu karibu zote za Kiswahili zilizoandikwa katika vyuo vyetu bado zina mwenyewe au warithi, na chuo kumiliki nakala si sawa na kumiliki kazi.

Wapo wanaouona mtandao kuwa ni mwaliko kwa wezi wa kitaaluma. Hofu hiyo ina msingi, lakini historia inaonesha upande wa pili. Wizi ulistawi vizuri zaidi pale nakala ilipokuwa moja, kwa sababu mtahini hakuwa na njia ya kulinganisha. Kazi iliyo wazi huibika kwa urahisi na hugundulika kwa urahisi vilevile. Wapo pia wanaohofia kwamba mchapishaji hatakubali kutoa kitabu cha tasnifu iliyokwisha wekwa mtandaoni. Jibu la vyuo vingi ni kumruhusu mwandishi azuie matini kamili kwa muda maalumu, huku ikisiri ikiendelea kuonekana. Utaratibu huo ni wa haki, ili mradi muda uwe na mwisho unaojulikana.

Ama kuhusu wasimulizi, njia ya busara si kufunga tasnifu nzima wala kuifungua yote bila kutazama. Viambatisho vinaweza kutenganishwa na sura za uchambuzi. Anwani za watu na habari za maisha yao ya faragha zinaweza kufichwa. Na majina ya malenga na manju waliotaka kujulikana yanaweza kuhifadhiwa kwa heshima, kwani kufuta jina la mtunzi kwa kisingizio cha kumlinda ni kumnyang'anya kazi yake. Zaidi ya hayo, ufikiaji huria una faida ambayo nakala ya kaboni haikuwa nayo: wajukuu wa msimulizi, wakiwa na simu tu, wanaweza kuyasoma maneno ya babu au bibi yao. Kwa mara ya kwanza, maarifa yaliyotoka kijijini yana njia ya kurudi huko.

7.0 Moto, Seva na Wingi wa Nakala

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo kuu la Makerere liliungua. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliotoka mlima wa Table uliteketeza chumba cha kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na kuangamiza sehemu kubwa ya machapisho ya mkusanyo wa taaluma za Kiafrika. Matukio hayo mawili yanatosha kuonesha udhaifu wa nakala yenye makao mamoja.

Lakini seva nayo ni makao. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na miongoni mwa huduma zilizozimika ni EThOS, iliyokuwa imefunguliwa mwaka 2009 ikiwa na kumbukumbu za mamia ya maelfu ya tasnifu za vyuo vikuu vya Uingereza. Watafiti wa Kiswahili waliozoea kupitia hapo kutafuta tasnifu zilizowasilishwa London walikuta mlango umefungwa. Taasisi tajiri na yenye wataalamu wengi ilipatwa na hilo. Chuo kinachotegemea fundi mmoja na mashine moja kipo katika hatari kubwa zaidi.

Fasihi yetu wenyewe ina somo la kale juu ya jambo hili. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umetufikia kwa sababu ulinakiliwa kwa mikono mingi, katika nyumba nyingi, na nakala zake zikasafiri. Hakuna maktaba moja iliyouokoa. Tungo zilizobaki na mswada mmoja ziliishi au zilikufa pamoja na mswada huo. Wahifadhi wa kidijitali wa leo wamefikia kanuni ileile kwa njia nyingine: usalama wa maandishi umo katika wingi wa nakala zilizo mahali tofauti, chini ya mikono tofauti. Kwa hiyo hifadhi za Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar, Dodoma na Makerere zingefaidika kwa kuwekeana nakala za tasnifu za Kiswahili, badala ya kila moja kulinda zake peke yake.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonesha kwamba kila teknolojia ya nakala ilikuja na ramani yake. Kaboni iliiweka tasnifu ya Kiswahili karibu na idara iliyoizaa. Mikrofilamu iliipa tasnifu ya Marekani mbawa na kuiacha ya Afrika Mashariki chini. Hifadhi za kidijitali zimefungua uwezekano wa ramani mpya, lakini hazitaichora zenyewe.

Hatua tatu ziko ndani ya uwezo wa idara zetu bila kungoja mfadhili mkubwa. Ya kwanza ni kutengeneza daftari la pamoja la tasnifu zote za Kiswahili zilizowasilishwa Afrika Mashariki tangu enzi ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, likionesha nakala iliko hata kama haijaskaniwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ya pili ni kukubaliana juu ya istilahi, majina na misimbo ya lugha itakayotumika katika hifadhi zote, ikisiri ya Kiswahili ikiwa ya lazima kwa kila tasnifu inayohusu Kiswahili, kwa lugha yoyote iliyoandikwa. Ya tatu ni kutanguliza katika kuskani zile kazi za miaka ya 1970 na 1980 ambazo wino wake unafifia, tukianza na zenye viambatisho vya simulizi, na kuwatafuta waandishi wake maadamu wengi wao wangali hai na wanaweza kutoa ridhaa na kusahihisha.

Hatua hiyo ya mwisho haina muda mrefu. Mwandishi wa tasnifu ya mwaka 1976 leo ni mzee au ni marehemu, na nakala aliyobaki nayo nyumbani huenda ndiyo inayosomeka vizuri kuliko zote. Zikikusanywa sasa, ibara ya "haijachapishwa" itaendelea kuandikwa katika orodha za marejeleo kama kanuni inavyotaka, ila haitakuwa tena na maana ya kwamba msomaji wa Kiswahili ni wa mwisho kuifikia kazi iliyoandikwa kwa ajili yake.